Nani Alitangulia

Mara ya kwanza kuwaona wakikimbia hawakuwa mashindanoni. Walikuwa wanateremka mlima kwenda sokoni.

Nilikuwa napanda kijia cha juu ya Bigwa asubuhi, nikimtafuta kijana asiyeona ambaye tuliambiwa ana mkono mzuri wa kutupa tufe. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa unateleza kama sabuni. Mbele yangu wakatokea mabinti wawili wenye mabeseni ya karoti kichwani. Wa mbele alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, ncha yake ikining'inia nyuma kama mkia. Wa nyuma alikuwa ameishika ncha hiyo. Walikuja mbio, miguu mitupu, na macho ya yule wa nyuma hayakuwa yanatazama popote.

"Simameni!" nilipiga kelele, sijui kwa nini.

"Tukisimama tunaanguka!" alijibu wa mbele. "Pisha wewe!"

Nikajitupa kwenye migomba. Wakapita, na yule wa nyuma alikuwa anacheka. Nilimsahau kabisa mtupa tufe. Nikageuka kuwafuata, nikateleza, nikasimama, nikateleza tena. Niliwakuta chini kwenye daraja wakinisubiri.

"Tumekusikia ukianguka," alisema yule asiyeona. "Tukasema tusubiri, huenda umevunjika."

Ni ndugu, mama mmoja. Mkubwa anaona. Mdogo aliugua akiwa mtoto mchanga, macho yakaondoka na homa. Nilimuuliza mdogo kama amewahi kushindana mbio. Akaniuliza mbio za nini. Nikamwambia za uwanjani, na watu wanatazama. Akauliza, "Wanashangilia?"

"Wanashangilia."

"Mimi watu wakiniona wananyamaza," alisema. "Nataka hao wanaoshangilia."

Hapo nilikuwa nimekwisha.

Shirika letu la michezo ya wasioona lina jina refu na ofisi fupi: chumba kimoja Mwembesongo, nyuma ya fundi cherehani. Mimi ndiye mkurugenzi, kwa sababu ndiye mwenye kompyuta. Siku za mazoezi mkurugenzi hubeba ndoo ya chokaa na kuchora mistari uwanjani. Kocha ni mwalimu mstaafu wa michezo, mzee anayefika baada ya swala ya alasiri akiwa na filimbi shingoni na asiyevumilia mazungumzo marefu, jambo ambalo limetugombanisha tangu mwanzo, maana mimi nauliza kila kitu.

Hata shirika lenyewe lilianza kwa swali. Chuoni, siku ya michezo, wenzetu wasioona walikalishwa kivulini walinde viatu vya kitivo kizima. Nilimuuliza mmoja wao anajisikiaje. Akasema, "Nanusa ushindi wenu." Tulicheka, lakini swali likanikaa kooni: nani aliamua? Nilizunguka nikiuliza. Kila mtu aliniambia ni kwa ajili ya usalama wao. Usalama gani? Mtu aliyezungukwa na viatu vyote vile hayuko salama hata kidogo.

Mpaka leo wageni wakija ofisini huuliza tunawapa nini hawa watu. Nasema tunawapa mazoezi. Husubiri niendelee, kama vile sentensi haijaisha.

Mama wa wale mabinti hakuuliza hivyo. Nilipanda mpaka nyumbani kwake, nikamkuta bustanini, nikamwamkia. Aliitikia marahaba bila kuinua kichwa kwenye tuta lake la karoti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka masharti yake kwa lafudhi ile ya mlimani inayovuta mwisho wa kila neno. Mabinti washuke wafanye mazoezi mpaka siku ya mchujo wa mkoa. Mdogo akichaguliwa kwenda mashindano ya taifa Dodoma, aende, na dada yake aende naye. Asipochaguliwa, wote wawili warudi bustanini, "na wewe mwanangu usipande tena huku na maneno yako matamu."

Basi tukaanza. Mbio za wasioona kabisa zina taratibu zake. Mkimbiaji na mwongozaji wake wanashika kamba fupi, mkono kwa mkono, wanakimbia bega kwa bega. Mwongozaji anaongea: kona, nyoosha, ongeza. Kila mkimbiaji anafungwa kitambaa machoni, maana wapo wanaoona mwanga kidogo na wengine hawaoni hata huo.

"Mimi mnanifunga macho ya nini?" aliuliza mdogo siku ya kwanza. "Mnaogopa yataamka?"

Mwalimu alinigeukia. "Umemleta mwingine kama wewe," alisema.

Walikuwa na kasi, aisee. Mbio zao zilikuwa mita mia nne, mzunguko mmoja wa uwanja, na walipofika kona ya pili nilikuwa nikijikuta narukaruka pembeni nikiwa na ndoo ya chokaa, suruali nyeupe mpaka magotini. Kwenye barabara ya Kingolwira, ambako tuliwapeleka kujenga pumzi, waendesha bodaboda walikuwa wakipunguza mwendo ili wakimbie nao, wakipiga honi. Mdogo alikuwa akisikia honi anaongeza.

Kisha tukaenda kwenye mashindano madogo ya majaribio, kwenye uwanja wa shule moja upande wa Mzinga. Waliwaacha wenzao mbali. Zilibaki hatua chache tu. Nilikuwa tayari nimeinua mikono. Na hapo dada mkubwa akafanya kitu cha ajabu: akajitokeza mbele ya mdogo wake, akamkinga kwa mwili, akavuka mstari yeye kwanza, akimvuta nyuma yake kwa kamba.

Bendera nyekundu. Kanuni ni moja na haina huruma: mkimbiaji ndiye avuke mstari kwanza. Mwongozaji akitangulia, mbio zote zimefutika.

"Umefanya nini?" nilimuuliza.

"Nimefanya nini?" Alikuwa anahema, hajui bado.

"Umetangulia!"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa anachoshtakiwa. "Dada, mwenye macho ndiye anayetangulia. Wewe ukimtanguliza asiyeona porini, nyoka anamkuta nani?"

"Hapa pana nyoka?"

"Palikuwa na watu wengi pale mbele, wanapunga mikono, wanapiga makelele. Mwili ulikwenda wenyewe."

Na kweli. Milimani kijia ni cha mtu mmoja. Anayeona anatangulia, anakutana na shimo, umande, nyoka, ng'ombe wa watu. Asiyeona anafuata na ncha ya kitenge. Hakuna aliyewahi kumfundisha, kama ambavyo hakuna aliyetufundisha kumpisha mzee mlangoni. Alikuwa amemtangulia mdogo wake maisha yao yote, na sasa tulimwambia kwamba kumpenda kwa namna hiyo ni kosa.

Tulijaribu kurekebisha mazoezini. Kwenye uwanja mtupu hakukosea hata mara moja. Tukiwaita wanafunzi waje wasimame mwishoni na kushangilia, mwili wake ulipita mbele. Nikaanza kuhoji kanuni yenyewe. Nani aliiandika? Je, aliwahi kutembea kwenye kijia cha mlimani?

"Binti," alisema mwalimu, "maswali yako ni mazuri, ila mchujo ni wiki ijayo."

Nikatafuta suluhisho la haraka: mwanachuo mmoja, mkimbiaji mzuri, awe mwongozaji. Alijua kanuni, alikuwa mpole, na mguu wake ulikuwa mwepesi. Mdogo alikimbia naye mzunguko mmoja, akafika kama mtu anayetoka kuchota maji.

"Mbona umejibana?" nilimuuliza.

"Huyu kaka anasema 'kona' kama anasoma tangazo," alisema. "Dada yangu akisema 'kona' nasikia kama na yeye anaogopa. Ndiyo najua ni kona kweli."

Yule mwanachuo alicheka mpaka akakaa chini. Dada mkubwa hakucheka. Alikuwa amejitenga kwenye nyasi, kamba mkononi, akiizungusha kwenye kidole. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba Dodoma yote ya mdogo wake ilikuwa imening'inia kwenye hatua zake za mwisho.

Ni mdogo aliyesema tubadilishane. Jumamosi hiyo tulipanda wote watatu kwenda kwao, na safari hii yeye alitangulia. Alijifunga kitenge, akaitupa ncha nyuma, akamwambia dada yake, "Shika."

"Sishiki."

"Shika, au nakwenda peke yangu."

Alishika. Sijawahi kusikia mtu akipanda mlima kwa mateso vile. "Jiwe! Kushoto! Kushoto kwako siyo kwangu! Mzizi! Jamani mzizi!" Kila mara mkono wake ulikuwa ukirukia bega la mdogo ili ampite, na kila mara mdogo alikuwa akiupiga kibao bila kugeuka. Akina mama waliokuwa wakishuka na mizigo walisimama kutazama.

"Kulikoni, mmegombana?" mmoja aliuliza.

"Hapana mama, shikamoo," alisema mdogo kutoka mbele. "Leo mimi ndiye dereva."

"Marahaba. Huyo wa nyuma?"

"Utingo."

Nilicheka, nikakosa pa kukanyaga, nikaenda chini na begi langu. Hakuna aliyesimama.

Tulifika juu salama. Dada mkubwa alikuwa ameloa jasho kuliko siku yoyote ya mbio. Sikujua kama imesaidia. Nilimuuliza. Alisema, "Nikiona hatari, sitaweza. Ndivyo nilivyo." Nililala na sentensi hiyo.

Siku ya mchujo uwanja ulijaa kuliko tulivyotarajia. Shule zilileta wanafunzi, bodaboda wa Kingolwira walikuja na honi zao, na kikundi cha tarumbeta kilikuja bila mtu yeyote kukumbuka kukialika. Mdogo alisimama kwenye mstari akiwa amefungwa kitambaa, kichwa kimeinuka, akisikiliza makelele yote yale kama mtu anayeonja pilau.

Bunduki ikalia.

Sijui kusimulia mbio bila kupiga kelele. Walitoka vizuri. Kona ya kwanza walikuwa wa tatu, ng'ambo ya uwanja wakawa wa pili, na sauti ya dada mkubwa ilisikika juu ya tarumbeta: "Kona! Kona! Bado! Nyoosha!" Wakaingia kipande cha mwisho wakiwa mbele. Mwalimu alinishika mkono, yeye ambaye hanishiki hata kunipa salamu. Watu walikuwa wamejazana nyuma ya mstari wa mwisho, wanapunga vitambaa, wanaruka. Hicho ndicho hasa nilichokuwa nakiogopa.

Kisha sauti ya dada mkubwa ikakatika. Nikaona wanaanza kuyumba kuelekea chokaa ya njia ya jirani. "Wanatoka!" nilipiga kelele. "Wanatoka nje!" Lakini mdogo alijirudisha, mwenyewe, bega lake likimsukuma dada yake warudi katikati, na akanyoosha kifua na kuvuka mstari. Dada alivuka nyuma yake, kamba ikiwa imekazwa, uso umekunjwa kama mtu anayemeza dawa.

Mwamuzi aliwatazama, akamtazama mwenzake wa upande wa pili. Bendera nyeupe.

Nilimwaga chokaa yote iliyobaki. Bodaboda walipiga honi mpaka mtu wa kipaza sauti akakata tamaa, na ilibidi atangaze mara ya pili kwamba mkoa umempata wa kwenda Dodoma. Mdogo alikuwa amesimama tu katikati ya makelele, kitambaa bado machoni, hataki kukivua.

Tulimpigia mama simu palepale, nikaweka sauti kubwa.

"Mama, nimeshinda! Tunakwenda Dodoma!"

"Ashukuriwe Mungu. Nani alitangulia?"

"Mimi! Mimi mbele kabisa!"

"Na dada yako alikuwa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma! Wewe mkubwa, upo hapo? Umemwachia mwenzio atangulie kwenye watu wote hao ninaowasikia? Macho yako uliyaweka wapi?"

Dada mkubwa alisogeza mdomo kwenye simu.

"Niliyafumba, mama."

Sote tulimgeukia. Hata mwalimu.

"Ningeyaacha wazi ningempita," alisema, sasa akituambia sisi. "Nilipomwambia nyoosha, nikafumba. Yeye ndiye aliyenipeleka."

"Nilidhani umekufa!" mdogo alimpiga kibao begani, hakukosa. "Nikasema, huyu kafa, ngoja nimburute tufike!"

Kisha tukasikia mama anaguna, na huko nyuma yake kuku.

"Na huko Dodoma," aliuliza, "kuna nyoka?"

Mwalimu aliichukua simu mkononi mwangu kwa heshima zote.

"Hakuna, mama," alisema. "Vumbi tu."