Springi za Pikipiki ya Sufiani

Wengine wakiachwa hulia, wakanyamaza, wakaolewa tena. Mwaisha wa Kinole alifungua duka la spea.

Alilifungua mtaa wa Mji Mpya, mjini Morogoro, katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, bidhaa zikaanza kumiminika na kila mwenye meza na mwavuli akajiita mfanyabiashara. Wenzake waliuza mitumba, sabuni za kunukia na redio za kaseti. Yeye alitundika minyororo, plagi na nyaya za klachi, na watu wakamshangaa: mwanamke wa mlimani, ushungi kichwani, mikono imejaa grisi! Alipoulizwa kwa nini asiuze vitenge, alijibu kwamba vitenge haviharibikii njiani. Jibu lenyewe hasa hakulitoa. Alikuwa anangoja pikipiki moja tu na mtu mmoja tu.

Pikipiki hiyo ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, yenye kiti kipana, kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ya bati ubavuni. Mzungu mmoja wa mradi wa barabara aliiuza alipomaliza mkataba wake. Mwaisha na mumewe, Sufiani, waliinunua kwa ndizi na mananasi ya shamba lao la Kinole, na ndizi hizo nani alizibeba kichwani kuzifikisha barabarani? Sufiani alikuwa na mgongo mbovu. Ulimuuma msimu wa mavuno tu, na siku pikipiki ilipofika ukapona kabisa.

Sasa, ardhi ya Waluguru hufuata upande wa mama. Shamba lilikuwa la lukolo, yaani ukoo wa mama yake Mwaisha, na Sufiani alilima pale kama mume aliyekaribishwa. Alipompata Faraja, binti wa Kisaki, akatoa talaka, na wajomba wa Mwaisha wakakaa kugawa mali. Walikuwa na hofu moja tu, kwamba mume ataitaka ardhi. Sufiani aliijua hofu hiyo, akaichezea vizuri.

"Wazee wangu," alisema kwa sauti ya msikitini, "shamba siligusi, hata mgomba mmoja siutaki. Mimi naondoka na nguo zangu na hicho chuma changu."

Wajomba wakapumua. Wakamwona muungwana, wakamwombea na dua. Kwao mali ilikuwa udongo, na chuma kilikuwa mchezo wa wanaume. Mwaisha alipofungua mdomo, mjomba wake mkubwa, mzee Kondo, alimkatiza. "Mpwa wangu, umebakiwa na mlima mzima, unalilia magurudumu?"

Jioni ileile Faraja alipakiwa nyuma, wakateremka mlima, kanga yake ikipepea. Mwaisha aliitazama kanga ile mpaka kona ya mwisho. Shingo yake ilikuwa bado inauma kwa mikungu iliyonunua kiti kile, na chuki ikampanda kooni, chungu, ya kweli. Akaapa kwamba mwanamke yule hatakaa pale kwa raha.

Mtu mwingine angekwenda kwa mganga. Mwaisha alikwenda Kariakoo kujifunza spea. Aliona mbali: kila mashine huchakaa, na ile kubwa haikuwa na ndugu Morogoro nzima. Siku ikichoka, mwenyewe atakuja kwa aliye na vipuri vyake, atake asitake. Kila alipokuta kitu kinachoiingia katika marobota ya vyuma vya ng'ambo, alikichukua, akakiweka rafu ya juu, asimwonyeshe mtu.

Wakaja. Asubuhi ya Jumamosi, wote wawili, pikipiki imelala nyuma kama mbwa aliyepigwa kiunoni. Springi za nyuma zilikuwa zimekufa.

"Shikamoo," alisema Faraja, kwa adabu kamili.

Walipishana miaka michache tu! Mwaisha alitabasamu mpaka gego la mwisho. "Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kaeni."

Sufiani alijikohoza. Alikuwa amenawiri, kitambi kimeanza kuchungulia. "Mwaisha, nimezunguka mji mzima, kila fundi ananielekeza kwako. Tuna harusi Kisaki, kwa wazazi wake huyu. Nataka springi nzuri, barabara ya kule unaijua."

"Naijua," alisema Mwaisha. "Panda nikupime."

Kuchagua springi si kukisia. Mwenye chombo anapanda, unapima nyuma imezama kiasi gani. Kisha anapanda wa pili, unapima. Kisha mzigo, unapima tena. Ndipo unajua uchukue waya mwembamba au mnene. Mwaisha alipiga magoti na futi ya fundi cherehani, akapima Sufiani akiwa peke yake. Akaukunja utepe.

"Na Faraja je?" aliuliza Sufiani. "Hapimwi?"

"Huyu? Kwa wepesi huu? Hata chombo hakitajua kama amepanda."

Faraja akacheka kwa aibu, akajiona amesifiwa. Sufiani naye akacheka. Mwaisha akapanda kwenye kigoda. Kwenye rafu ya juu zilikuwapo jozi mbili zinazoingia, moja ya waya mnene kwa watu wawili na mizigo yao, nyingine ya waya mwembamba. Mkono wake ulipita juu ya zile nene bila kusita.

Fundi Abasi, aliyefanya kazi kwenye kibanda cha jirani, alipozipokea alizibonyeza, akamwita Mwaisha pembeni. "Dada, hizi laini. Jamaa na mkewe na masanduku yale, zitagonga chini."

"Nimeuliza?"

"Hukuuliza."

"Basi funga."

Usiku wa kuamkia safari yao Mwaisha alilala usingizi mtamu, msidhani alijuta. Mpaka Mkuyuni, palipo na lami ya kubahatisha, mambo yalikwenda. Baada ya Matombo, kila shimo springi zilijikunja mpaka mwisho, chuma kikagonga chuma, na pigo zima likampata aliyekaa nyuma. Sufiani mbele alihisi kidogo tu, akawa anaimba. Faraja aliomba washuke, akaomba tena, na walipofika Mvuha alikuwa anatembea ameshika kiuno kama bibi kizee. Harusini hakucheza. Wakati wa kurudi aligoma mbele ya ukoo mzima, akapanda treni inayopita kwao, akazunguka hadi Dar es Salaam, ndipo akachukua basi la Morogoro. Sokoni watu walicheka wiki nzima. Mwaisha alicheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya ushungi.

Lakini Sufiani hakuja kulalamika, na hilo lilimchoma Mwaisha. Mume alipopanda peke yake, pikipiki ilielea. Mashimo hakuyasikia. Akawa anamsifu Mwaisha kila kijiwe: hakuna fundi Morogoro anayeujua mwili wangu kama yule mama! Kuhusu mkewe, alisema ni mwanamke wa kudeka, hawezi safari. Faraja aliyasikia maneno hayo yakirudi nyumbani kila siku, akiwa bado anakandwa kiuno kwa maji ya moto. Haikuchukua muda akafunga mizigo yake, akarudi kwao, tena kwa treni.

Sufiani alikuja dukani peke yake, ndevu zimechongwa, ananukia udi. Aliegemea meza.

"Mwaisha. Kiti cha nyuma kiko wazi. Funga duka, twende Kinole tukasalimie wazee. Kama zamani."

Moyo ukamruka, msaliti mkubwa. Kama zamani! Zamani ipi? Zamani kiti kile kilipakiwa mikungu, na yeye aliteremka mlima kwa miguu, akifuata nyuma kwenye vumbi. Alikuwa ametamani kupanda, jamani. Alikuwa ametamani mpaka akaota.

"Hazibebi wawili," alisema.

"Nini?"

"Springi. Nilikuchagulia za mtu mmoja. Nilijua mkeo atakaa nyuma, nikakuchagulia hizo makusudi."

Rangi ilimtoka Sufiani, kisha ikarudi pamoja na tabasamu lake la siku ya wajomba. "Yamepita hayo. Badilisha basi. Niwekee za wawili, twende zetu."

"Zipo," alisema Mwaisha, akanyoosha kidole rafu ya juu. "Zile pale. Kwako siziuzi, na hutazipata kwingine."

Alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Mwisho akawasha, akaondoka. Mwaisha alisimama mlangoni kusikiliza. Pikipiki ilipita kwenye tuta la reli taratibu, haikugonga, haikulia. Kazi safi, hata yeye mwenyewe alikiri. Amelipiza, ameshiba kisasi mpaka pomoni, na kiti kile alichokilipia kwa shingo yake hajawahi kukikalia hata siku moja.