Zaburi za Watu wa Nguo Nyeusi

Kilichotangulia ni besi. Kabla sijaona picha wala kuelewa neno hata moja, niliisikia besi ikipenya ukuta wa matofali mabichi uliotenganisha chumba chetu na cha mpangaji, ikitembea taratibu kama mtu mwenye viatu vizito anayezunguka nyumba bila kuuona mlango. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu, na ua wetu wa pale Tabora mjini ulinuka matope na moshi wa kuni zilizolowa. Dada yangu Dorika alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mikono yake ikasimama. Mimi nilikuwa darasa la sita; yeye alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri majibu. Mama yetu alikuwa amefariki mwishoni mwa kiangazi, na tangu siku tuliyomzika sikuwahi kumwona Dorika akisimamisha kazi kwa ajili ya kitu chochote. Alifua, alipika, alisonga ugali, alininyooshea sare za shule, yote kwa uso mmoja, kama mtu aliyekodishwa.

Hakuwa amelia. Hakuna aliyelia nyumbani kwetu, kwa kuwa Baba alikataza. Baba alifanya kazi stesheni ya reli na kanisani alikuwa mzee wa kanisa anayeheshimika, mtu ambaye watu walimwamkia kabla hajawafikia. Pale makaburini, shangazi zetu waliokuja na treni kutoka Usinge walipoanza kuomboleza kwa Kinyamwezi, aliinua mkono akawaambia kwamba mke wake amekwenda kwa Bwana, na anayelia anamshitaki Bwana. Wakanyamaza. Wahenga wanasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini kwetu mfiwa alikatazwa kuanza, na wa mbali wakarudi makwao na machozi yao kifuani. Jumapili iliyofuata kwaya ya vijana, ambayo Dorika alikuwa sauti yake kuu, iliimba nyimbo za furaha kama kawaida, wakipiga makofi na kuyumba. Dorika naye aliyumba.

Mpangaji wetu alikuwa kijana Mzungu tuliyemwita Kaka Yoakimu, aliyeletwa na kanisa la kwao kusaidia kuchimba visima vijijini. Alikuwa mpole, mwenye Kiswahili cha kukwama, na ibada hakukosa. Malaria ilimpiga mara kwa mara mpaka wakubwa wake wakaamua arudi kwao. Siku ya kuondoka alimwachia Dorika redio yake ya kaseti na boksi la kanda, akamweleza kwamba walioimba humo ni Wakristo, vijana waliokulia kanisani kama sisi. Dorika alishukuru, akafungua boksi, kisha akanitazama. Watu wa kwenye majalada walivaa nguo nyeusi kuanzia shingoni hadi viatuni. Wanaume walipaka wanja machoni. Nywele zao zilisimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, na msichana mmoja, mweupe kama unga, alikaa juu ya kaburi la mawe akiwa ameshika msalaba kifuani. Mimi niliogopa. Nilikuwa nimesikia shuleni habari za watu wanaomwabudu shetani, na nilidhani ndio hawa.

Lakini Dorika aliziweka kanda zile moja baada ya nyingine. Sijui nilinganishe na nini muziki ule. Gitaa halikucheka kama magitaa ya dansi tuliyoyazoea. Lilitoa sauti nyembamba yenye mwangwi, kama mtu anagonga bomba tupu ndani ya tangi. Ngoma zilikuwa kavu, kinanda kilikuwa cha baridi, na mwimbaji aliimba kwa sauti nzito ya chini kana kwamba anaimba kutoka ndani ya kisima. Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabu na kusalimia, ila Dorika alikaa na kamusi ya shule mapajani, akisimamisha kanda, akiirudisha nyuma, akisikiliza tena. Jioni moja aliichukua Biblia ya Mama kutoka juu ya kabati akafungua Zaburi. Akanionyesha kwa kidole. Yule mtu wa wanja alikuwa anaimba maneno ya mwenye kuzama shimoni anayemwuliza Mungu atamficha uso wake hadi lini. Wimbo mwingine ulikuwa wa mtu anayelowesha kitanda chake kwa machozi.

"Kumbe inaruhusiwa," alisema.

Ndipo akalia. Alilia ameinamia ile redio, na mimi nikalia kwa sababu yeye analia, kisha nikalia kwa sababu Mama hakuwapo. Baba alikuwa zamu stesheni. Ile ndiyo siku tuliyomzika mama yetu.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara ambayo zamani ilikuwa njia ya misafara. Shuleni tulifundishwa kwamba pale walipita wapagazi na pembe za ndovu, wakapita watumwa wakiwa na minyororo, wakapita Waarabu na msahafu, wakapita wamisionari na Biblia. Vyote hivyo vilikuwa vya wageni, na vyote mji uliviweka ndani, hata ile minyororo ilipata wenyeji wa kuisaidia. Ilikuwa lazima kanda chache za watu wa huzuni zifike ndipo mji wetu ukumbuke kwamba kuna vitu vya kukataa.

Dorika alitunga wimbo. Aliutunga kwa Kiswahili, juu ya mwanamke aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo na sasa jogoo anawika bure, na kiitikio chake kilimwuliza Mungu, kwa heshima zote, kwa nini. Alimwomba mpiga besi wa kwaya atangulie peke yake, polepole, na gitaa lifuate kwa mbali. Waliufanyia mazoezi wiki kadhaa. Jumapili ya kuwakumbuka marehemu wakauimba, Dorika mbele, amevaa gauni jeusi la Mama, na sauti yake ameishusha mahali ambapo sikujua kwamba inafika. Hakuna aliyepiga makofi. Kanisa lilitulia kama lisilo na watu, kisha upande wa akina mama mtu mmoja akatoa kilio, akafuata mwingine, mpaka benchi zima likawa linaomboleza wafu wao wa miaka yote. Nilimwona Baba kwenye kiti chake cha mbele. Hakulia. Alikuwa anawatazama wazee wenzake, na wenzake walikuwa wanamtazama yeye.

Wiki hiyo wazee walikaa kikao. Mtu mmoja wa kwaya alikuwa amewaambia wimbo ule ulitoka wapi, na wazee wawili wakaja nyumbani, wakaomba kuona. Baba mwenyewe ndiye aliyewatolea boksi. Walipitisha majalada mkono kwa mkono kwa ncha za vidole, kama watu wanaoshika nyoka aliyekufa. Mmoja wao, mzee mwenye sauti laini, alimwambia Baba kwamba anayesimamia nyumba ya Mungu hana budi kuanza na nyumba yake. Baba aliitikia kwa kichwa. Nikajua kwamba limeshakwisha.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walikusanya kuni nje ya kanisa. Mchungaji aliomba. Dorika aliambiwa azitupe kanda yeye mwenyewe na kukiri kwamba alidanganywa, na akifanya hivyo atarudi kwenye kwaya. Alisimama mbele ya moto na boksi mikononi, washarika wote wakimtazama, kisha akamgeukia Baba, si mchungaji.

"Baba, wanaimba Zaburi. Soma mwenyewe."

"Hata shetani anaijua Zaburi," Baba alisema.

Akamnyang'anya boksi na kulimwaga. Plastiki ikajikunja, moshi mweusi mzito ukapanda, na watu wakaanza kuimba, ule wimbo wa kupiga makofi. Dorika alisimama palepale mpaka mwisho, na wengine walilisimulia hilo baadaye kama ushahidi wa ukaidi wake. Walimtenga, akatolewa kwenye kwaya na kukatazwa Meza ya Bwana. Majibu yake ya mtihani yalitoka mazuri, lakini Baba alikuwa amekwisha kuamua kwamba shule ndiyo iliyomharibu. Alimpandisha treni kwenda Usinge kwa shangazi, akalime tumbaku mpaka atubu. Hakutubu. Aliolewa hukohuko.

Siku hizi mimi ni mwalimu hapahapa mjini. Miaka michache iliyopita nilikaa na simu yangu nikatafuta, nikaanza na yale niliyoyakumbuka: msichana mweupe, kaburi, msalaba. Nikawapata. Nikasoma kwamba hata kwao hawakupata pa kukaa. Makanisa yao yaliwaita watu wa shetani, na kwenye kumbi za usiku walichekwa kwa kumtaja Yesu. Walirekodi kanda chache, zikauzwa kidogo, wakatawanyika. Nilipanda treni na habari hiyo hadi Usinge kama mtu aliyebeba dawa. Nilimkuta Dorika kwenye bani lake la kukaushia tumbaku, anafunga majani kwenye vijiti, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Wanawe wanasema hawajawahi kumsikia akiimba, hata jikoni. Nikamsimulia, nikamwekea ule wimbo wa shimoni. Aliendelea kufunga majani. Besi ilitembea, kinanda kikaingia, yule mtu akaimba. Ulipokwisha nikamwuliza kama anaukumbuka.

"Naukumbuka," alisema. "Zima, mdogo wangu. Utamaliza chaji na huku umeme hakuna."

Kanisani kwetu leo kuna spika ndefu kuliko mtu, na taa za rangi. Kwaya ya vijana huvaa fulana nyeusi na kupiga magitaa ya umeme yenye mwangwi uleule, na mchungaji wa sasa, kijana, husema muziki ni chombo tu. Hakuna anayekumbuka moto. Wale wazee wengine wameshakufa, na kila mmoja alizikwa kwa vilio vikubwa. Baba yupo bado. Amezeeka, naye hupenda kukaa karibu na spika kwa sababu masikio yamepungua, akipiga makofi nje ya mapigo. Jumapili moja, wakati vijana wanaimba, aliniinamia.

"Dada yako alikuwa na sauti kuliko hawa wote," alisema. "Kwa nini aliacha kuimba?"

Nilimtazama usoni nikitafuta hila, au aibu, au hata hofu kidogo. Hakuna nilichokiona. Shoka husahau, mti hausahau, lakini sikujua kwamba shoka huweza kusahau kabisa namna ile, likaja na kuuliza mti umekatwa na nani. Nikamwambia ajijibu mwenyewe. Akafikiri kidogo, kwa dhati, huku vijana wakipanda kwenye kiitikio.

"Labda ni ndoa," alisema. "Ndoa huwamaliza sauti wanawake wengi."

Kisha akawageukia vijana, akaendelea kuwapigia makofi.