Walipoambiwa Si Kifafa

Nilianza kuanguka nikiwa kidato cha pili, katika shule ya bweni karibu na Awendo. Mwili ulitetemeka wote, macho yakajifumba, na sauti za watu nikazisikia kwa mbali. Kila mtu alisema ni kifafa, na kwa hicho kifafa nilipendwa. Mama alinichinjia kuku. Shangazi alilala nami kitanda kimoja ili nisijiumize. Nilimeza dawa zilizonilegeza hadi nikawa nasinzia mezani, na bado nikaanguka.

Mwishowe tulitumwa kwa daktari wa akili za vijana mjini Homa Bay. Alisoma majibu ya kipimo cha ubongo, akatazama video ambayo mama alikuwa amenirekodi kwa simu.

"Mama, huyu hana kifafa," alisema. "Na hajifanyi. Anaanguka kweli. Kuna uzito moyoni mwake, na mwili ndio unaousema."

Mama alishika maneno ya kwanza tu.

"Kumbe umekuwa ukituchezea?" aliniuliza kabla hatujatoka getini.

Uzito wenyewe aliujua. Baba alipozikwa, mimi, kifungua mimba, nilikatazwa kulia nisiwatishe wadogo zangu. Sikulia. Baada ya muda nikaanza kuanguka.

Kliniki nilirudi peke yangu. Daktari alinipunguzia dawa kidogo kidogo. Muuguzi alinifundisha kuitambua dalili: vidole vikifa ganzi, nikanyage sakafu kwa nguvu, nishike kitu baridi, nitaje kwa sauti ninachokiona. Alimpigia mama simu pia: nikianguka waondoe vitu vya hatari, wasinishike, wasinizingire, waniongeleshe kwa upole.

Nyumbani walichukua hilo la kutonishika. Siku moja nilianguka jikoni. Nikamsikia shangazi akisema, "Mwacheni, akichoka ataamka." Kisha akaniruka, akaenda kuepua ugali.

Shule nayo ilinikataa. Mwalimu mkuu alisema nitawaambukiza wasichana wengine maigizo. Nilimalizia masomo Oyugis, shule ya kutwa, na huko nikaacha kuanguka, taratibu, kwa kukanyaga sakafu na kwa kulia chooni nilipohitaji kulia.

Mwaka jana mama alisimama kanisani akashuhudia kwamba binti yake aliponywa kifafa kwa maombi. Watu walipiga makofi. Akanigeukia, akitabasamu, akanitaka nisimame nionekane.

Nilisimama.