Mkono wa Mjomba

Mjomba wangu ni fundi bomba, na ukimgusia habari za anga za juu umekwisha. Wanaopeleka roboti Mirihi anawaita waoga.

"Roboti inapiga picha tu! Mtu ana mkono!"

Jana choo chetu kiliziba. Kamera yake ya waya, ile ya kuchungulia mabombani, akaiacha mkobani, akavua shati, akazamisha mkono mpaka kwapani.

"Nimeishika! Kandambili!"

Ngumi ikagoma kutoka. Tukamvuta, tukammiminia sabuni, wapi!

"Si uiachie hiyo kandambili?" nikamwambia.

"Siachii! Roboti ndiyo ingeachia!"

Mama, dada yake, alikuwa amebanwa na haja tangu asubuhi.

"Kaka, ungekuwa roboti tungekuacha humo humo, tukanunua nyingine."