Tuta la Karatu, Shimo la Malambo

Nakumbuka asubuhi moja kule Malambo, mwanangu, bibi mmoja aliponiuliza nimemzika nani. Nilikuwa nimetoka chuoni, nina shahada ya kilimo na kofia pana kuliko shahada yenyewe, nimetumwa kufundisha kikundi cha akina mama wa Kimaasai kulima sukuma wiki. Kwetu Karatu mvua ikipiga huondoka na shamba, kwa hiyo tangu utoto nilijua jambo moja: udongo huinuliwa. Nikainua matuta sita, yamenyooka, nikasimama pembeni kuyatazama kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Mwenyekiti wa kikundi tulimwita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai. Aliyazunguka matuta yangu polepole na fimbo yake, kisha akasema, "Mwalimu, hapa umezika nani?"

Wenzake walicheka hadi shanga zikalia. Nami nikacheka, kwa upole wa msomi anayewasamehe wasiosoma.

Maji yalitoka mbali, migongoni mwa punda, na kila mama alitoa dumu moja kwa siku kwa ajili ya bustani. Dumu la Koko lilikuwa la ndama wake wawili, waliokuwa dhaifu mno kwenda machungani. Yeye hakulisema hilo. Niliambiwa na jirani yake, nami nikaona ni habari ya mifugo, si fani yangu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, ndama wa mwenyeji wakashikwa na kiu.

Nikachota samadi ya mbuzi zizini, mbichi, bado ina joto, nikaimwaga kwa ukarimu, nikapanda miche. Nikamwagilia saa saba mchana kwa sababu ndipo punda walipofika. Maji yaliteremka pande zote mbili za tuta, yakanywewa na njia. Siku ya nne majani yalikuwa yameungua kingo. Siku ya saba miche yote ilikuwa imekufa, na swali la Koko limepata jibu. Asubuhi hiyohiyo ndama wake mmoja hakuamka, jambo ambalo sijawahi kuliandika kwenye wasifu wangu wa kazi.

Akina mama wakakaa kikao. Wengi walitaka maji yarudi kwa mifugo, na mimi nirudi Karatu. Koko, aliyekuwa na sababu kuliko wote, aliwaomba wangoje kidogo, kisha akaniita pembeni.

"Ero," alisema, kama wanavyomwita kijana, "boma likihama, mvua ikinyesha, nyasi inaanza kuota wapi?"

Kwenye mtihani swali hilo halikutoka.

Akanipeleka kwenye mahame ya boma lao la zamani, pale mbuzi walipokuwa wakilala miaka iliyopita. Udongo ulikuwa mweusi, laini, hauna hata harufu. Akanitilia kiganjani. "Samadi hii imepoa. Yako ilikuwa bado na hasira."

Tukabomoa matuta, na mahali pake tukachimba vitanda vilivyozama shubiri moja chini ya ardhi. Tukachanganya udongo wa mahame, tukapanda upya, tukafunika kwa nyasi kavu, tukamwagilia jua likishainama. Humo maji hayakuwa na pa kukimbilia. Mimi nilichimba, nikifukua kaburi langu mwenyewe.

Miche ikashika. Koko hakuisifu; kwake majani ni chakula cha mbuzi. Aliingiza kidole chini ya nyasi kavu, akakuta unyevu wa jana.

"Nusu dumu inatosha," alisema. "Nusu nyingine ni ya ndama."

Akaondoka nayo. Wiki iliyofuata ndama aliyebaki alisimama bila kuinuliwa.

Basi, mwanangu, wewe unayekwenda na shahada mpya kwenye nchi ya jua, sikia. Samadi iache hadi isahau ilitoka kwa mnyama gani. Penye mvua inua udongo. Penye jua chimba. Funika mizizi, mwagilia jioni. Na kabla hujamwaga tone, uliza ni nani ameacha kuyanywa maji hayo. Kuuliza si ujinga, ingawa zipo shahada zinazotufanya tudhani hivyo.

Nenda. Mungu akujalie udongo uliopoa, maji yanayobaki, na bibi wa kukucheka mapema, kabla hujazika kitu.