Njia ya Mama Mkwe Sakafuni

Mafundi wenzake walimwita Pimamaji, maana kipimo hicho cha usawa hakikumbanduka mkononi. Kwa miaka ishirini na sita alitandaza sakafu za mbao katika nyumba za watu, kisha jioni akarudi kwake kukanyaga saruji yenye milima na mabonde: kinundu chini ya dirisha, bonde mbele ya mlango wa jikoni. Mkewe alikwisha kuchoka kusema.

Kilichomgutusha ni mama mkwe. Bibi huyo alikuwa amepofuka, akahamia kwao, na mwezi wa kwanza haujaisha akajikwaa mara mbili. Mara ya pili aliteguka mkono. Hakulalamika, lakini Pimamaji alipomwona akinywa chai kwa mkono wa kushoto, haya ilimpenya hadi kwenye mifupa.

Akaleta mbao ngumu alizokuwa ameziweka akiba, akazilaza sebuleni siku kumi zizoee hewa ya nyumba. Alipolaza rula ndefu juu ya saruji, bonde lilimeza vidole viwili. Shemeji yake, aliyekuja kusaidia kuhamisha makochi, alimshauri asijitese: achomeke vipande vya mbao chini, mambo yaishe. Pimamaji alikataa katakata. Ujanani aliwahi kumfanyia mteja hivyo, na baada ya miezi miwili sakafu ikawa inalia kila mtu akipita. Aliing'oa yote kwa mikono yake mwenyewe. Basi akasaga kinundu hadi nyusi zikawa nyeupe kwa vumbi, akamimina saruji laini bondeni, akangoja ikauke kabisa, akatandika nailoni ya kuzuia unyevu. Ndipo akaanza kupachika ubao baada ya ubao, akiacha nafasi ndogo ukutani ili mbao zipate pa kutanukia.

Siku ya kumaliza, mama mkwe alitoka chumbani peku. Akapiga hatua nne, akasimama. Akageukia huku, akageukia kule, mkono ukipapasa hewa.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kazi yako nyororo kama shavu la mtoto. Ila sijui niko wapi."

Kumbe tangu ateguke mkono alikuwa ameisoma saruji ile kwa nyayo. Kinundu kilimwambia dirisha liko hapa. Bonde lilimwambia jikoni umefika. Pimamaji moyo ukamshuka. Alikuwa amemsawazishia njia hadi akaifuta.

Alipiga magoti, akatazama. Mbao zilikwenda moja kwa moja kutoka mlango wa chumba hadi jikoni, zimebanana kiasi kwamba ukucha haukupenya. Akanyoosha mkono, akachukua patasi.

"Baba watoto, usiniambie unataka kuikwangua," mkewe alisema.

Maisha yake yote alikuwa akiziba mianya. Sasa alifungua mmoja, na mkono ulisita mara mbili kabla ya kutii. Alichonga mfereji mwembamba kama njiti ya kiberiti kutoka mlango wa chumba hadi jikoni, usioweza kumkwaza mtu, akaupiga msasa hadi ukalainika. Penye dirisha akakata mistari miwili mifupi ya kukingama. Mbele ya jikoni, mitatu.

"Mama, leta mguu hapa."

Mama mkwe alitelezesha kidole gumba, akaupata mfereji, akacheka kidogo kwa pua. Akaenda. Mwanzoni polepole, halafu mkono ukaacha kutafuta ukuta. Penye mistari miwili akageuza uso kwenye mwanga asiouona, akaendelea. Penye mitatu akasimama, akashika mwimo wa mlango bila kupapasa. Kisha wakasikia kifuniko cha birika, na sauti yake ikiuliza nani anataka chai.

Pimamaji alishusha pumzi, akajilaza chali pale pale sakafuni, vumbi la mbao likiwa bado nyweleni. Mkewe alimletea mto. Alipomfikia, mwenzake alikuwa amekwisha kulala, patasi kifuani.