Apolinaria wa Usoke na Harusi ya Stesheni

Apolinaria alikuwa hawezi kuona kitu kibichi kikaharibika hivi hivi. Pale Usoke, ambako mumewe Tobias alikuwa kibarua wa reli, majani ya kunde yakizidi shambani wenzake waliwaachia mbuzi. Yeye aliyachuma, akayachemsha, akayaanika kwenye jamvi mpaka yakawa meusi na makavu. Hiyo ndiyo nsansa. Viazi vitamu alivimenya na kuvianika vipande vipande, vikawa michembe. Vingine alivichemsha kwanza ndipo akavikata na kuvianika, vikawa matobolwa, ambayo wanawe waliyaiba kila alipogeuza mgongo. Nyanya alizifukia katika jivu lililochekechwa, moja isigusane na nyingine, na malimau akayalaza kwenye mchanga wenye unyevu karibu na mtungi.

Achari alijifunza Tabora mjini, enzi za usichana wake, alipokuwa akifanya kazi nyumbani kwa Bi Saleha, mama wa Kiarabu mwenye duka la nguo. "Mkono wenye maji usiingie kwenye chupa yangu!" Bi Saleha alikuwa akipiga kelele toka sebuleni, hata asipoona kitu, maana tone la maji huiozesha achari.

Tobias alimtania mkewe kila siku. "Mama Marko, maboga yamepata kitanda. Mimi nalala wapi?"

"Lala jikoni," alijibiwa. "Ila usikanyage nyanya."

Basi mwaka mmoja, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, mvua ya Novemba ilishuka kwa fujo. Ilisomba tuta la reli karibu na Urambo, na gari moshi la kwenda Kigoma likakwama Usoke na abiria tele. Wauza vitumbua wa stesheni waliishiwa mara moja. Mashambani ndiyo kwanza watu walikuwa wanapanda, hakuna cha kuchuma.

Apolinaria alipofika stesheni kutazama, alimkuta msichana amekalia sanduku analia, na mama mmoja mnene anampepea kwa kanga.

"Shikamoo, mama. Mtoto anaumwa?"

"Marahaba. Haumwi, anaolewa," yule mama akasema. Jina lake Josepha, shangazi wa msichana, na msichana mwenyewe ni Flavia. "Bwana harusi, Hilari, anatungoja Urambo. Jumapili Majilio yanaanza, na padri hafungishi ndoa mpaka Noeli ipite. Tena toka jana hatujatia kitu tumboni."

Apolinaria alicheka, mpaka Flavia akainua uso kwa mshangao. "Kumbe ni hilo tu? Kama nyie hamwezi kwenda Urambo, Urambo itakuja hapa. Twendeni nyumbani mkale."

Jioni ile Tobias na wenzake walikuwa wanapanda kiberenge kwenda kutengeneza tuta. Mkewe alimshika mkono. "Baba Marko, ukifika vuka upande wa pili, umtafute Hilari. Mwambie mchumba wake yuko kwangu. Na padri aje naye."

"Nikamwambie padri avuke matope?"

"Mwambie kuna achari ya maembe."

Kesho yake mchana, kiberenge kilirudi. Juu yake alikaa kijana mwenye suti nyeusi, matope mpaka magotini, na kando yake padri amepakata viatu vyake. Wanawake wa Usoke walipiga vigelegele hata mbuzi wakakimbia. Flavia alisahau aibu zote za bibi harusi, akamkimbilia Hilari.

Walifungishwa ndoa katika kanisa dogo la udongo, abiria wamejaa mpaka nje. Apolinaria alikuwa amefungua kila chungu, akimkanya Josepha asitie mkono wenye maji kwenye achari. Nsansa iliungwa kwa karanga za kutwanga, michembe ikachemshwa kwenye masufuria ya kuazima, nyanya zikatolewa kwenye jivu bado zina rangi, maboga yakashushwa kitandani. Majirani wakaleta ugali na kuku. Mfanyabiashara mmoja wa Nzega, aliyekuwa akinung'unika toka gari liliposimama, aliomba achari mara ya tatu akachukua ngoma mwenyewe. Padri alikula akitoka jasho la pilipili na kusema, "Ongeza kidogo tu, mama."

Apolinaria alisimama mlangoni kwake, vyungu vitupu nyuma yake, akicheza mabega. Hakuwahi kuona chakula chake kikienda kwa watu wengi kiasi hicho, na moyo ulimjaa.

Reli ilipokuwa tayari, gari moshi lilipiga honi na maharusi wakapanda. Josepha peke yake alibaki chini, kanga amejifunga kiunoni.

"Shangazi, gari linaondoka!" Flavia aliita dirishani.

"Nendeni! Mtu na mumewe hawahitaji shangazi," Josepha alijibu. Kisha akamgeukia Apolinaria. "Haya dada, nifundishe achari. Maembe mabichi yako wapi? Mikono yangu nimeshaikausha."